Ripita ya kidijitali Arusha na Moshi: uombe masafa gani?

Wapenzi wa redio za ridhaa (redio za watu binafsi, zisizo za biashara) wa Kaskazini wakikutana, mjadala wa ripita ya kidijitali, mtambo wa mnarani unaopokea sauti ya redio na kuirusha upya mbali zaidi, huanzia kwenye mfumo, yaani namna ya kubeba sauti kidijitali. Huyu anataka DMR kwa kuwa redio zake zinapatikana kwa bei ya kawaida, yule ana C4FM tayari ndani ya gari, na hakosi wa tatu anayeitetea D-STAR. Masafa hukumbukwa mwishoni, fomu ikishafika mezani. Kwangu huko ni kuanzia mkiani. Kwenye ripita inayokubali mifumo kadhaa, mfumo unaweza kuubadili jioni moja kwa kompyuta na kebo ya USB. Jozi ya masafa (moja la kupokelea, moja la kurushia) ukishainunulia antena na dupleksa (kichujio kinachoiwezesha antena moja kupokea na kurusha kwa pamoja) na kuipandisha mnarani, kuibadili ni kununua upya.

Makala hii inalinganisha njia nne ambazo kikundi cha Arusha au Moshi kinaweza kuziandika kwenye ombi lake. Kwanza tujue tunasimama wapi. Tanzania iko Kanda ya 1 ya ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, na bendi zinazotuhusu ni mbili. Ya kwanza ni mita 2, yaani 144 hadi 146 MHz, ambayo katika kanda yetu imetengwa kwa redio za ridhaa na satelaiti zake. Ya pili ni sentimita 70, yaani 430 hadi 440 MHz, ambako ridhaa inakaa pamoja na rada, na nchi kadhaa zimeongeza watumiaji wengine kupitia tanbihi za jedwali la masafa. Mpango wa bendi wa IARU (umoja wa kimataifa wa redio za ridhaa) Kanda ya 1, ambao namba nyingi hapa chini zimetoka humo, ni makubaliano ya waendeshaji wenyewe, si sheria. Mwenye kutoa masafa ni TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, kwa Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010. Kwa hiyo zichukue namba hizi kama mapendekezo ya kupeleka ofisini. Mwenye ishara ya wito (jina la kituo hewani) ya 5H3 asizione kama ruhusa ya kubonyeza kitufe.

Vigezo

Nimetumia vigezo vinne: usikivu kwenye milima na mabonde yetu, kazi ya mnarani, majirani wa masafa hayo, na mtu ambaye njia hiyo inamfaa. Bei sikuitenga. Imo ndani ya kazi ya mnarani, maana redio zenyewe hazipishani sana. Kinachokula fedha ni vichujio, antena na kebo.

Kigezo cha pili kinahitaji maelezo kidogo, kwa sababu ndicho kinachowashtua watu. Ripita ya wati 25 hurusha +44 dBm (dBm ni kipimo cha nguvu ya ishara; kila dB 10 ni mara kumi). Wakati huo huo, kwenye antena hiyo hiyo, kipokezi chake kinatakiwa kiisikie redio ya mkononi ya mtu aliyeko Sanya Juu, inayofika ikiwa na kama −118 dBm. Tofauti ni 162 dB, yaani moja yenye sifuri kumi na sita nyuma yake. Sehemu kubwa ya kazi ya kuzitenganisha ishara hizo ni ya dupleksa, na kazi hiyo huwa ngumu kadiri pengo kati ya masafa ya kupokelea na ya kurushia linavyokuwa dogo ukilinganisha na masafa yenyewe. Pengo la 600 kHz kwenye 145 MHz ni asilimia 0.41. La 1.6 MHz kwenye 434 ni asilimia 0.37. La 7.6 MHz kwenye 435 ni asilimia 1.75. Zikumbuke namba hizo tatu.

Njia ya kwanza: mita 2, pengo la 600 kHz

Ripita hurusha kati ya 145.600 na 145.7875 MHz na kupokea 600 kHz chini yake, 145.000 hadi 145.1875. Kwa hatua za 12.5 kHz hizo ni chaneli 16.

*Usikivu.* Hapa mita 2 inajitetea vizuri. Mawimbi yake hupinda kwenye ukingo wa mlima kuliko ya sentimita 70, na hupita kwenye majani kwa hasara ndogo. Kwa wakazi wa Kibosho, Uru au Marangu, waliozungukwa na migomba, kahawa na mikrevilea, hilo si jambo la vitabuni. Kuna pia hesabu: kwa antena za aina moja, masafa yakipanda mara tatu, nguvu inayopokelewa hushuka mara tisa, yaani 9.5 dB. Ukitaka ripita moja ijaribu kufika Boma Ng'ombe, uwanja wa ndege wa KIA na Usa River, huku miguu ya Meru ikikaribia kuziba njia, hizo 9.5 dB utazitaka. Lakini kuna upande wa pili. Antena fupi ya mpira ya redio ya mkononi hufanya kazi vibaya kwenye mita 2, na mjini kuna kelele nyingi zaidi kwenye bendi hii: taa za LED, inveta za sola, chaja za simu. Mtu wa Njiro ndani ya nyumba anaweza asifaidi chochote.

*Mnarani.* Hapa ndipo fedha zinapokwenda. Robo ya wimbi kwenye 145 MHz ni karibu sentimita 52, kwa hiyo kila tungi la dupleksa (silinda ya chuma ya kuchujia) linakaribia urefu wa mtungi wa gesi, na unahitaji manne au sita. Kuyapanga kunataka subira: unalegeza nati, unasogeza fito kwa unene wa ukucha, bonde la mchoro kwenye kioo cha NanoVNA (kipimo kidogo cha vichujio na antena) linahama, unakaza nati, bonde linahama tena kwa sababu tu umekaza. Ukimaliza unaanza na tungi la pili. Halafu joto. Kabati la bati linalochemka mchana wa Februari pale Moshi na kupoa alfajiri huvuta mabonde hayo huku na huku, na pengo likiwa finyu hakuna nafasi ya kupoteza. Matungi yenye fito za invari (aloi isiyotanuka sana kwa joto) hutulia zaidi, na bei yake inaonyesha hivyo.

*Majirani.* Ndani ya bendi tuko peke yetu, kwenye karatasi. Hewani mambo ni mengine, nitarudi huko. Kituo cha anga za juu cha kimataifa hurusha kwenye 145.800, kwa hiyo chaneli za juu kabisa, 145.775 na 145.7875, ziache hata kama ziko wazi. Jihadhari pia na harmoniki ya tatu, ishara ya ziada inayotokea kwenye masafa mara tatu: ripita inayorusha 145.600 na kuendelea huangukia 436.8 na kuendelea, katikati ya sehemu ya satelaiti. Kichujio kizuri cha kutokea kinamaliza tatizo hilo.

*Inamfaa nani.* Kikundi kilichotawanyika vijijini, chenye redio za magari zaidi kuliko za mkononi, na chenye angalau mtu mmoja anayependa kushinda na spana mbele ya matungi.

Njia ya pili: sentimita 70, pengo la 7.6 MHz

Kurusha 438.650 hadi 439.425, kupokea 431.050 hadi 431.825. Chaneli 32 kwa hatua za 25 kHz. Mpangilio huu umezoeleka Ujerumani, Austria na Uswisi.

*Usikivu.* Mjini ni mzuri. Mawimbi mafupi hupenya madirishani na kudunda kwenye kuta, antena ya redio ya mkononi inakaribia urefu unaostahili, na kelele za vifaa vya nyumbani ni ndogo. Antena ya fimbo ya ripita yenye urefu ule ule hukusanya nguvu zaidi kuliko ya mita 2, kwa hiyo zile 9.5 dB hazipotei zote. Milimani hali ni nyingine. Kivuli cha mlima ni kikali: unavuka korongo moja na sauti imekwisha. Tena kwa sauti ya kidijitali hakuna kule kukwaruza kwa FM kunakokuonya. Inakuwa safi, inageuka roboti, inakatika.

*Mnarani.* Pengo la asilimia 1.75 linakupa uhuru. Dupleksa ndogo ya kunotchi (ya kukata masafa yasiyotakiwa), ile inayoingia kwenye rafu ya kabati, inatosha, na robo ya wimbi ni sentimita 17 tu. Joto la mchana haliivurugi sana. Kabati zima linaweza kubebwa na mtu mmoja ngazini, na kama eneo lako halina umeme wa gridi unaokuwepo muda wote, nafasi iliyobaki unaweka betri. Kwa makadirio ya sola kumbuka kwamba wati 25 zikitoka, zaidi ya mara mbili ya hizo zinaingia kutoka kwenye betri.

*Majirani.* Masafa haya yako nje ya 435 hadi 438 ya satelaiti na nje ya eneo la remote za magari. Rada na wengine wenye haki kwenye 430 hadi 440 wanabaki, na hapa ofisi ya TCRA ndiyo yenye kujua nani kapewa nini Kaskazini. Uliza kuhusu pande zote mbili za jozi. Watu huulizia masafa ya kurushia wakasahau kwamba atakayeharibu kazi ni jirani aliyeko kwenye masafa ya kupokelea, 7.6 MHz chini.

*Inamfaa nani.* Kikundi cha mjini chenye redio nyingi za mkononi, kinachotaka kupanda mnarani mara moja na kushuka, na kinachofikiria ripita ya pili baadaye.

Njia ya tatu: sentimita 70, pengo la 1.6 MHz

Kupokea 433.000 hadi 433.375, kurusha 434.600 hadi 434.975. Uingereza wanageuza: wanarusha chini, wanapokea juu.

*Usikivu* ni ule ule wa njia ya pili, sina la kuongeza. *Mnarani* unapata ugumu wa mita 2, asilimia 0.37, ingawa matungi ni mafupi. *Majirani* ndiyo hoja kubwa. Kati ya 433.05 na 434.79 MHz ni mtaa wa remote: za magari, za mageti, kengele za mlangoni, vipima joto vya mezani, nyingi zikiwa kwenye 433.92. Mnara ulio juu ya mji utazisikia. Ukilazimika kuchukua njia hii, geuza kama Waingereza na upokee kati ya 434.800 na 434.975, nje kabisa ya mtaa huo.

*Inamfaa nani.* Aliyepewa dupleksa iliyokwisha kupangwa kwa pengo hilo, au aliyenyimwa 7.6 kwa sababu sehemu ya juu ya bendi ina mwenyewe. Na iwe mbali na mji.

Njia ya nne: hotspoti badala ya ripita

Kabla ya kuchanga fedha za mnara, jiulize kama mnahitaji ripita kweli. Hotspoti (kituo kidogo cha nyumbani) ya MMDVM, modemu ya sauti ya kidijitali, juu ya kompyuta ndogo kama Raspberry Pi hurusha kama miliwati 10, kwa masafa yale yale ya kupokelea na kurushia, na hukuunganisha na wenzako kupitia intaneti.

*Usikivu* ni nyumba na ua. Basi. *Mnarani* hakuna kazi, hakuna dupleksa. *Majirani* ni wewe mwenyewe: chagua masafa ya sentimita 70 nje ya 435 hadi 438 na nje ya mtaa wa remote. Usiikalie 433.500 wala 145.500, ambazo ni za kuitana kwa FM, wala 144.800 ya APRS (ujumbe mfupi wa mahali vituo vilipo). Miliwati 10 inayotumiwa vibaya chini ya satelaiti inaonekana ndogo hadi siku mtu wa nyumba ya pili anapojaribu kuisikiliza hiyo satelaiti. Leseni bado inahitajika.

*Inamfaa nani.* Waendeshaji watatu au wanne, mmoja Ngaramtoni, mwingine Soweto ya Moshi, mwingine Mwanga, wenye bando la kutosha na hamu ya kuongea kila jioni. Haimfai anayejenga mawasiliano ya dharura. Mnara wa simu ukizimika, hotspoti nayo imezimika, na siku ya mafuriko ndiyo siku hiyo.

Mfumo juu ya jozi uliyopata

Hapa nitapita haraka. DMR, kiwango cha ETSI (taasisi ya viwango ya Ulaya) kilichotoka 2005, hugawa chaneli ya 12.5 kHz katika nafasi mbili za muda, kila moja milisekunde 30, kwa hiyo jozi moja inabeba mazungumzo mawili: moja la Kaskazini, lingine la kuunganishwa na dunia. Kwa mwombaji wa masafa hiyo ni hoja nzito, maana unaomba jozi moja na kupata kazi ya mbili. C4FM nayo hukaa kwenye 12.5 kHz, ina njia moja tu ya mazungumzo, lakini ripita zake huweza kubadilika zenyewe kati ya kidijitali na FM, jambo zuri pale ambapo wazee wa kikundi hawataki kuachana na redio zao za zamani. D-STAR, iliyobuniwa Japani, ni nyembamba kuliko zote, 6.25 kHz, ila redio zake hazina watengenezaji wengi. Kwenye fomu utaandika aina ya utangazaji: 7K60FXW kwa DMR, 9K36F7W kwa C4FM, 6K00F7W kwa D-STAR, 16K0F3E ukiongeza FM. Ukiomba zaidi ya mmoja kwa pamoja, hutarudi ofisini mkibadili mawazo.

Jambo moja kwa wanaonunua DMR zilizotumika makampuni: zima usimbaji. Kanuni za Redio za ITU haziruhusu ridhaa kuficha maana ya mazungumzo kati ya vituo vya nchi tofauti.

Jozi moja au mbili kati ya miji hii?

DMR ina kodi za rangi (namba za kuitambulisha ripita), 0 hadi 15, na kuna anayesema: tuchukue masafa mamoja, Arusha iwe rangi 1, Moshi rangi 2. Kodi ya rangi inaizuia redio isifungue sauti ya ripita isiyo yako. Haiondoi mawimbi hewani. Njia kati ya Arusha na Moshi ni kama kilomita 80 kwa barabara, sehemu kubwa ni tambarare wazi, na redio iliyoko karibu na KIA itazipata ripita zote mbili kwa nguvu zinazokaribiana. Hapo hakuna inayosikika. Ombeni jozi mbili, zipishane vya kutosha, kisha ziunganisheni kwa intaneti. Kurudia masafa ya Arusha kunawezekana nyuma ya mlima wenyewe, mathalani Longido iliyofichwa na Meru, lakini hata hapo pimeni kwanza.

Sikiliza kabla ya kuomba, na msimu unaofaa

Dongo la RTL-SDR (kipokezi kidogo cha redio cha USB), kompyuta ya zamani na antena juu ya paa vinatosha kurekodi jozi uliyoilenga usiku na mchana. Tatizo ni kalenda. Ukisikiliza Aprili au Mei, mvua inanyesha, njia za Kilimanjaro zina watu wachache, magari ya watalii yamepaki, na bendi inaonekana tupu. Rudi Julai. Redio za bei nafuu zinazofunguka bendi zote mbili zimejaa, na wengine huzipanga masafa wanavyojua. Utasikia wapagazi wakiulizana mahema yamefika wapi kwenye masafa ambayo si ya biashara kabisa. Usijibu kwa kugombana nao hewani. Andika tarehe, saa na masafa, peleka TCRA, na wewe chagua chaneli nyingine kwenye ombi lako kama unaweza. Kinyume chake nacho kinakuhusu: mwanachama wako mwenye kampuni ya utalii haruhusiwi kuitumia ripita ya ridhaa kuita gari lake likachukue wageni KIA.

Kwa hali yako

Kikundi cha Arusha mjini, redio za mkononi nyingi, paa la ghorofa limepatikana: andikeni 438.650 hadi 439.425 kwa pengo la 7.6, DMR, na mpendekeze chaneli tatu ili ofisi iwe na pa kuchagua.

Kikundi cha Moshi kinachotaka kuwafikia watu wa Hai, Siha na vihamba vya juu: mita 2, chaneli za chini au katikati, na bajeti ya dupleksa iwekwe kabla ya bajeti ya redio. Kama hamna mtu wa kuipanga, nunueni iliyopangwa kiwandani kwa jozi mliyokwisha kupewa, maana yake leseni itangulie manunuzi.

Mna eneo juu ya mlima lakini sola ni ndogo: sentimita 70 kwa wati 10 badala ya 25. Mtapoteza 4 dB tu, na betri itavuka usiku.

Lengo ni uokoaji na dharura: ripita ifanye kazi yake ya karibu hata intaneti ikikatika, na iwe na FM, kwa sababu atakayekuja kusaidia anaweza kuja na redio yoyote. C4FM yenye kubadilika, au ripita ya MMDVM iliyowashiwa FM, kwenye mita 2.

Mko wawili au watatu tu: hotspoti kwanza, huku mkirekodi bendi kwa misimu miwili.

Na walioko Rombo, Tarakea au Holili: antena yenu inaiona Kenya vizuri kuliko inavyoiona Moshi. Kabla ya kutaja chaneli kwenye fomu, waandikieni Amateur Radio Society of Kenya muwaulize ripita zao za karibu na Taveta na Loitokitok ziko wapi, na nakala ya majibu yao muiambatanishe na ombi.